Maswali ya Wasomaji: Adapta Kongwe na Kufuli la Nyumba Nzima

Mwezi huu zimetufikia barua kadhaa kuhusu adapta za Wi-Fi, yaani vile vidude vidogo mfano wa flashi vinavyochomekwa kwenye kompyuta isiyoweza kupokea mtandao bila waya. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu kosa lililomo ndani yake nimelikuta katika nyumba nyingi, na mara zote mwenye nyumba hakujua kwamba limetendeka.

Ndugu mhariri, pokea salamu kutoka Tanga. Niliwanunulia watoto kompyuta ya mezani ya mtumba, inayotumia Windows 7, ambayo haina Wi-Fi. Shemeji yangu aliyewahi kuishi Muscat alinipa adapta yake ya zamani ya USB, iliyoandikwa mgongoni 11 Mbps. Fundi wa mtaani alihangaika nayo kutwa nzima, kwani kompyuta iliuona mtandao wetu lakini haikuweza kuingia. Mwishowe akaingia kwenye ruta, akabadilisha jambo fulani, na adapta ikashika. Alituachia nenosiri jipya, rahisi kulikumbuka, lenye herufi tano tu. Hii ni wiki ya tatu. Kompyuta inapata intaneti kwa kuchechemea, lakini simu zetu, ambazo zamani zilicheza video bila kusita, zimekuwa nzito nyumba nzima, na simu ya binti yangu inaonyesha onyo kwamba ulinzi wa mtandao wetu ni dhaifu. Je, adapta ni mbovu, au kampuni ya intaneti imetupunguzia kasi?

Ndugu yangu wa Tanga, adapta ni nzima, na sioni sababu ya kuishuku kampuni. Umetaja dalili tatu, na zote zinatuelekeza mahali pamoja, ndani ya ruta yako, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani.

Iliyonishtua zaidi ni hizo herufi tano. Ulinzi wa WPA2, ambao ndio unaotumika katika nyumba nyingi hadi leo, haukubali nenosiri lenye herufi pungufu ya 8 wala zaidi ya 63. Ulinzi unaokubali herufi tano kamili ni ule wa kale uitwao WEP, uliozaliwa pamoja na kiwango cha kwanza cha Wi-Fi, kiitwacho 802.11, mwaka 1997. Bila shaka fundi wako alipoona adapta inakataa, alirudisha ruta nyuma hadi kwenye WEP ili kifaa hicho kizee kiweze kuongea nayo. Maandishi ya 11 Mbps, yaani kasi ya megabiti 11 kwa sekunde, yanaeleza kwa nini alilazimika kufanya hivyo: hiyo ni adapta ya kiwango cha 802.11b cha mwaka 1999, na nyingi za rika lake ziliuzwa kabla WPA, ulinzi uliochukua nafasi ya WEP, haijatoka mwaka 2003, kwa hiyo hazikufundishwa ulinzi mwingine wowote.

Tatizo ni kwamba WEP si kufuli tena. Mwaka 2001 wataalamu watatu, Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir, walionyesha kasoro iliyo katika msingi wake, na mwaka 2007 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, walionyesha kwamba hata ufunguo wake mrefu, ule wa herufi 13, unaweza kupatikana kwa muda usiofika dakika moja. Wewe unao ule mfupi. Kijana yeyote aliye nje ya ukuta wako na kompyuta mpakato na programu ya bure anaweza kuingia, na akishaingia hali bando lako tu, bali amekaa sebuleni pamoja na simu, kompyuta na kamera zote za nyumba yako. Onyo analoliona binti yako ni la kweli, na nakuomba umpongeze kwa kulisoma, maana wengi wetu hupitisha kidole tu.

Sasa uzito wa simu. Kanuni za 802.11n, iliyotoka mwaka 2009, na za viwango vilivyoifuata haziruhusu kasi zake kutumika juu ya WEP. Simu ya kisasa ikikuta WEP hurudi kwenye mwendo wa zamani, ambao kilele chake ni 54 Mbps kwenye karatasi na chini ya nusu ya hapo katika matumizi. Juu ya hilo, hewa ya chaneli moja ni ya wote, na vifaa hupokezana zamu. Adapta ya 11 Mbps inapopata zamu yake hutumia muda mrefu kubeba mzigo mdogo, huku wengine wakisubiri. Anayeijua mitaa ya ndani ameshaona mkokoteni ulioingia kwenye kichochoro na foleni iliyoko nyuma yake. Hata mwenye pikipiki mpya hana la kufanya.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, nao hauna njia ya mkato: usishushe ulinzi wa nyumba nzima ili kukiridhisha kifaa kimoja. Adapta hiyo mrudishie shemeji kwa shukrani, kisha ununue nyingine. Unapochagua, soma ubavuni mwa boksi. Tafuta yenye 802.11ac au ax, inayopokea mawimbi ya GHz 2.4 na pia ya GHz 5, na inayotaja WPA3, ulinzi uliofuata baada ya WPA2, na uhakikishe kwamba mfumo wa kompyuta yako umetajwa kati ya mifumo inayokubaliwa, kwani adapta mpya nyingi hazina tena draiva, yaani programu za kuziendesha, za Windows 7. Ukikosa yenye WPA3, ya WPA2 inatosha. Tangu Machi 2006 kifaa hakiruhusiwi kubeba nembo rasmi ya Wi-Fi bila kujua WPA2, ingawa vile visivyo na nembo yoyote, vinavyouzwa vikiwa vimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, havina ahadi hiyo.

Kabla ya kuichomeka, tengeneza ruta kwanza. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya wa mtandao, au tumia simu iliyokwisha kuingia, ufungue kivinjari na kuandika anwani iliyo kwenye kibandiko cha chini ya ruta. Mara nyingi huwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kwenye ukurasa wa mtandao bila waya, toa WEP na uchague WPA2 yenye AES, ambayo ni njia ya kuificha data kwa msimbo, au ule mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 ikiwa ruta inao. Ukiona neno TKIP, njia nyingine ya kuficha data, likwepe, kwa sababu nalo ni la zamani na linaleta ucheleweshaji uleule. Ukiwa humo humo, badilisha nenosiri la kuingilia kwenye ruta yenyewe, ambalo ni tofauti na lile la Wi-Fi. Fundi analijua, na kama halijawahi kubadilishwa tangu kiwandani, basi analijua pia kila anayeweza kuligeuza boksi hilo na kusoma kibandiko.

Kuhusu nenosiri la Wi-Fi, naomba nitumie nafasi kidogo, maana hapa ndipo WPA2 inapoangushwa na wenyewe. Mtu akinasa hewani salamu ambazo kifaa na ruta hupeana wakati wa kuunganishwa, anaweza kwenda nazo nyumbani na kukisia nenosiri kwa utulivu, bila ruta kujua. Kwetu watu wengi huweka nambari ya simu. Nambari ya Tanzania ina tarakimu kumi, lakini mbili za mwanzo zinajulikana kuwa 06 au 07, kwa hiyo zinabaki nane za kukisia, kazi ambayo kompyuta yenye kadi nzuri ya michezo huimaliza kwa dakika. Methali nayo haifai, hata iwe ndefu kiasi gani. "Haraka haraka haina baraka" ina herufi za kutosha, lakini mkisiaji naye amekwenda shule. Chukua maneno manne au matano yasiyo na undugu, kwa mfano kibuyu, reli, mchaichai, kengele na deni, uyapange unavyotaka, kisha ubandike karatasi ndani ya kabati la vyombo ambako wageni hawafiki. Mfano wangu usiuchukue ulivyo, kwani umekwisha kuchapwa.

Baada ya hapo chomeka adapta mpya. Usishtuke iwapo kompyuta itaonyesha kana kwamba umeweka sidii: adapta nyingi za siku hizi hubeba draiva ndani yake, nazo hujitambulisha kwanza kama sidii ili uifungue na kusakinisha, kisha hugeuka na kuwa adapta. Kama hakuna kinachotokea, unganisha simu yako kwa waya wa USB, uwashe kugawa intaneti kupitia waya huo, na kompyuta itapata njia ya kujitafutia draiva au wewe utaipakua kutoka kwa mtengenezaji. Zikwepe tovuti zinazojinadi kusasisha draiva zote za kompyuta kwa kubofya mara moja, kwa kuwa mara nyingi hukuachia usichokiomba.

Ukimaliza, usiniamini mimi wala fundi. Fungua dirisha jeusi la amri, uandike `netsh wlan show interfaces`, halafu usome mstari ulioandikwa Authentication. Ukiona WPA2-Personal au WPA3-Personal, kazi imekamilika.

Neno moja la pembeni, kwa kuwa kompyuta ni ya watoto: Windows 7 iliacha kupata masasisho ya ulinzi Januari 2020, na Windows 10 nayo ikafikia ukomo wa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kufuli jipya kwenye ruta haliondoi ufa ulio ndani ya kompyuta. Kama haina nguvu za kubeba Windows mpya, mwambie fundi aiwekee Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Kwa masomo ya shule inatosha kabisa, na adapta nyingi za kawaida hutambuliwa humo.

Bwana Mhariri, mimi ni mkazi wa Mji wa Kale, Mombasa. Nimenunua adapta mpya yenye mapembe mawili ya antena, na ulinzi nimeweka WPA2 kama inavyotakiwa. Hata hivyo, ruta iko chumba cha mbele, kompyuta iko chumba cha tatu, na ishara inakuja na kupotea. Jirani amenishauri nitoe nenosiri, eti usimbaji ndio unaoila nguvu. Ni kweli?

Bi msomaji, si kweli hata kidogo. Nenosiri halili ishara. Kinachoila ni nyumba yako. Kuta za Mji wa Kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nene kuliko tofali za leo, na mawimbi yakivuka tatu mfululizo hufika yamechoka. Yale ya GHz 5 huchoka mapema zaidi kuliko ya GHz 2.4, kwa hiyo katika hali yako huenda mwendo wa chini ukawa wa uhakika zaidi. Jaribu kulazimisha kompyuta itumie GHz 2.4, na kwenye ruta uchague chaneli ya 1, 6 au 11, ile ambayo majirani wameitumia kidogo, kwani hizo tatu ndizo zisizopandiana.

Lakini kabla ya yote, angalia ulikoichomeka. Nakisia iko nyuma ya kompyuta, chini ya meza, imebanwa kati ya chuma cha kasha na ukuta. Tena kama umeichomeka jirani na tundu la buluu la USB 3.0 lenye diski ya nje inayofanya kazi, diski hiyo na waya wake hutoa kelele za redio zinazoangukia hapohapo kwenye GHz 2.4, mtu hubadilisha ruta mbili kabla hajawaza kuichomoa diski. Nunua waya wa kurefushia wa USB wa mita moja au mbili, uchomeke adapta mwishoni mwake, kisha uisogeze kwa mkono huku mtu mwingine akitazama ishara kwenye skrini. Mimi nilifanya hivyo katika nyumba ya mjomba, yenye kuta za aina hiyohiyo, na mahali palipofaa palikuwa kwenye fremu ya mlango, juu, upande ulioelekea ukumbini. Sentimita thelathini chini yake hapakuwa na kitu. Tuliifunga kwa uzi wa kushonea, nayo ipo hapo hadi leo. Mawimbi hayapiti ukuta kwa ushujaa, yanatafuta mlango kama watu wengine.

Ikiwa uko tayari kutoboa tundu moja, waya wa mtandao hufika hadi mita 100 bila shida na hauhitaji nenosiri lolote hewani. Hata hivyo, baadhi ya nyumba hizo zimo katika eneo la hifadhi, basi uliza kabla ya kushika toboleo.

Mhariri, mimi ni mwanafunzi, Mwanza. Nimeficha jina la mtandao wetu na nimeiambia ruta ikubali anwani za MAC za vifaa vyetu tu. Je, bado nahitaji nenosiri refu?

Unalihitaji, mdogo wangu, tena zaidi kuliko hizo hatua mbili. Anwani ya MAC, yaani nambari ya utambulisho ya kila kifaa, husafiri hewani wazi hata pale data yenyewe inaposimbwa, kwa hiyo anayesikiliza huiona ya adapta yako, husubiri uzime kompyuta, kisha huivaa yeye kama anayevaa sare ya mlinzi. Jina lililofichwa nalo hutajwa kila kifaa chenu kinapojiunga, na kibaya zaidi, kompyuta iliyozoea mtandao uliofichwa inaweza kwenda ikiliita jina hilo hata ukiwa stendi ya basi. Umeng'oa kibao cha nambari ya nyumba, halafu unapita mtaani ukiitaja nambari kwa sauti.

Kuna na usumbufu. Simu za Android tangu toleo la 10 na za iPhone tangu iOS 14 hutumia anwani za MAC za kubuni kwa ajili ya kulinda faragha ya mwenye simu, na wakati mwingine inatosha mtu kuusahau mtandao au kuirudisha simu katika hali ya kiwandani ili ije na anwani nyingine na ruta yako imkatae mama yako mzazi. Onyesha jina, futa orodha ya anwani, na nguvu hizo uziweke kwenye nenosiri.

Adapta yangu ina kitufe, na ruta ina kitufe kama hicho. Nikivibonyeza vyote viwili, vinaungana bila kuandika nenosiri. Ni salama? (Msomaji, Morogoro)

Hiyo ni WPS. Kitufe chenyewe hufungua mlango kwa kama dakika mbili tu, hatari yake ni ndogo. Kilicholeta balaa ni ndugu yake, ile namba ya siri ya tarakimu nane iliyochapwa kwenye ruta. Desemba 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta huikagua kwa vipande viwili, nne za mwanzo peke yake, halafu tatu zinazofuata, kwa kuwa ya nane ni ya kuhakiki tu. Mkisiaji hahitaji kupitia mamilioni. Anahitaji majaribio 11,000 kwa wingi wake, kazi ya saa chache, na hapo hata nenosiri lako la herufi 40 hutolewa kwenye sahani. Baadhi ya ruta huacha namba hiyo ikifanya kazi kimyakimya hata kama hujawahi kuitumia. Zima WPS yote kwenye ruta na uandike nenosiri kwa mkono. Unaliandika mara moja tu.

Nina wapangaji wanne na wote wanatumia Wi-Fi yangu. Mmoja ameweka adapta kwenye kompyuta yake, na tangu hapo naona printa yangu inatoa karatasi nisizozijua. (Mama mwenye nyumba, Dodoma)

Mama, shikamoo. Mpangaji wako huenda hana nia mbaya. Kompyuta yake imeiona printa kwa sababu mko kwenye mtandao mmoja, naye amebonyeza ya kwanza iliyojitokeza. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni. Uwashe, uupe jina na nenosiri lake, uhakikishe umechagua wageni wasione vifaa vya ndani, kisha ubadilishe nenosiri la ule mtandao wa zamani ili mbaki humo wewe na watoto. Mpangaji akihama, unabadilisha la wageni tu. Kwenye kompyuta za wapangaji, Windows ikiuliza aina ya mtandao, wachague ule wa umma, ili nao wasionane wao kwa wao.

Nataka kuuza adapta yangu. Je, nenosiri letu la Wi-Fi limo ndani yake? (Msomaji, Arusha)

Halimo. Nenosiri hukaa ndani ya kompyuta, katika orodha ya mitandao inayojulikana, na adapta za kawaida hazilihifadhi. Uza kwa amani. Ukiuza kompyuta, fungua orodha hiyo na uisahaulishe mitandao yote kwanza. Na ukiuza ruta, chukua pini, uibonyeze kwenye kile kitundu cha nyuma kwa sekunde kama kumi hadi taa zote zizime na kuwaka upya, kwa maana humo limo nenosiri la Wi-Fi, na kwenye baadhi ya ruta limo pia jina na nenosiri la akaunti yako kwa kampuni ya intaneti.